Kifua cha Baba Mkwe

Ndugu zangu, habari za mchana. Waislamu na Wakristo, wagonjwa na nyie mnaouguza, nawasalimu wote.

Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nitoe ushuhuda, halafu akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, leo usilete ubishi wako. Watu waondoke na moyo mwepesi." Nikamwambia nitajaribu. Kuahidi sikuahidi.

Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye daktari akija hapa kutufundisha habari za presha, namuuliza kwa nini kidonge hiki na siyo kile mpaka anaangalia saa. Mmoja wenu kanipa jina, ananiita Bi Kwa Nini. Nimelisikia, msidhani sijalisikia. Kwa hiyo ushuhuda wangu hautakuwa ule wa nilianguka, nikaomba, nikainuka, tuimbe. Ningependa uwe hivyo. Haukuwa hivyo. Na wala sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine wako kijijini Usevya, na yupo mmoja akisikia jina lake limesemwa huku Mpanda atapanda bodaboda aje kunigombeza hapahapa mbele yenu.

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani natuma maombi ya kazi mpaka nikachoka. Kazi iliyokuja ilikuwa ya muda, ya kuwahoji watu kwa ajili ya utafiti. Utafiti wenyewe ulihusu watu ambao moyo wao ulisimama, wakabonyezwa kifua, wakarudi. Wakubwa wa utafiti walitaka kujua: wakisharudi nyumbani, wanaishije? Wanakumbuka? Wanalala? Wanafanya kazi?

Kabla ya kututuma, walitufundisha na sisi kubonyeza kifua. Walileta mdoli mkubwa asiye na miguu, wakamlaza sakafuni, tukambonyeza kwa zamu mpaka jasho likatutoka. Mimi nikauliza: "Na mtu akirudi lakini siyo yule yule?" Mwalimu, nesi mmoja mtaratibu, akasema, "Ndiyo maana tunafanya utafiti." Sikuridhika na jibu lile. Lakini nilikuwa nahitaji kazi.

Tulizunguka mikoa kadhaa na bado tuliowapata walikuwa wachache. Nawaambia hili mapema kwa sababu nitalirudia: waliorudi ni wachache kuliko ambao hawakurudi. Kuna nyumba nilifika na maswali yangu nikakuta mwenyewe alishazikwa zamani, nikakaribishwa uji, nikanywa, nikaaga.

Hata jina la jambo lenyewe lilinisumbua. Nikisema "moyo ulisimama," watu wananisahihisha: "Alikufa akarudi." Mimi nabisha, hapana, hakufa, moyo ulisimama tu. Kule Mishamo bibi mmoja akanitazama kwa huruma kabisa. "Sasa mwanangu, moyo ukisimama, kwenu Mpanda mnaita nini?"

Mwisho wa mahojiano kulikuwa na swali moja ambalo mimi nililichukia: je, unafurahi kwamba ulirudishwa? Niliona ni swali la kijinga. Nani atasema hapana? Mvuvi mmoja kule ziwani akafikiri sana, akamwangalia mke wake aliyekuwa anaanua dagaa, akasema, "Muulize huyu. Mimi nilirudi tu. Yeye ndiye anayeishi na aliyerudi." Yule mama hakuinua uso. Nikaondoka, na jibu lile likanifuata njia nzima.

Sasa nije kwangu.

Nimeolewa kwa watu wa Usevya. Kwa mila ya nyumba ile, mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani. Nikimpelekea maji, naweka kikombe kwenye kigoda, narudi nyuma, ndipo yeye anachukua. Salamu natoa kwa mbali, nimepiga magoti. Na akiwa na neno kwangu hanielekezi mimi, anamtuma mtu, hata kama nimesimama palepale: "Mwambie mkwe wangu mboga ya leo ilikuwa tamu." Mimi nasikia. Na yeye anajua nimesikia. Halafu wifi yangu anageuka: "Baba anasema mboga ilikuwa tamu." Nami nasema, "Mwambie asante."

Mara ya kwanza nilimuuliza mume wangu, hivi hii ni ya nini? Akasema ni heshima. Nikamwambia nimeishi hosteli chuoni na mabweni ya wavulana yako jirani, hakuna mila iliyokuja kunitenganisha na mtu. Akacheka. Lakini ndugu zangu, niwe mkweli, nilikuja kumpenda mzee yule. Kwa njia ile ile ya kutumiana maneno, tulikuwa tunataniana. Alikuwa anasema, "Mwambie msomi anipikie na mawe, labda chuoni walimfundisha kuyalainisha."

Msimu wa mpunga tulikwenda mashineni kukoboa. Mimi, wifi yangu, shangazi yao, na mzee. Mume wangu alikuwa kazini huku Mpanda. Pale mashineni kulikuwa na waya umechubuka, mtu kaufunga kwa kipande cha mfuko. Mzee akaegemea bati la mashine ili apite na kiroba. Nikasikia kishindo cha kiroba, siyo cha mtu. Nilipogeuka alikuwa chini.

Mwenye mashine akakimbilia swichi kubwa, akaikata. Kelele ya mashine ikafa, na hapo kila mtu akaanza kupiga kelele yake. "Msimguse, bado ana umeme!" "Leteni mchanga tumfukie, umeme uingie ardhini!" "Maji, maji!" Mzee amelala chali, macho wazi, hapumui. Kila baada ya muda anavuta pumzi moja kubwa ya kukoroma, halafu kimya. Shangazi akasema, "Si mnaona anapumua? Mwacheni apumzike."

Ndugu zangu, ile siyo pumzi. Mkimwona mtu ameanguka, haitiki, na anakoroma hivyo kwa mbali mbali, msiseme anapumzika. Anaondoka.

Mimi nilijua. Umeme ulishakatwa, mtu habaki na umeme mwilini, hata mchanga hauna kazi. Nikapiga magoti, nikafungua shati la mzee, nikaweka mikono katikati ya kifua, nikaanza.

Shangazi akanishika kitenge kwa nyuma. "We binti! Toka hapo! Huyo ni mkwe wako!"

"Najua ni mkwe wangu!"

"Unamkalia mkwe? Mbele za watu?"

"Simkalii, shangazi, nambonyeza!"

"Heee! Jamani njooni muone!"

Na watu wakaja kuona, kweli. Kitenge kilishafunguka, nimebaki na gauni. Nikasikia ubavu umekatika chini ya mikono yangu. Mdoli hakuwa na sauti ile. Wifi yangu amejishika kichwa analia, "Unamvunja baba! Wifi unamvunja!"

Nikamwambia bila kuacha kubonyeza: "Kama ni aibu, njoo ubonyeze wewe. Wewe ni damu yake. Lakini mimi sitoki mpaka nione mikono yako hapa."

Akaja. Analia, makamasi yanamtoka, akaja. Nikamwonyesha, akabonyeza, akachoka, nikapokea, akapokea. Shangazi aliacha kunivuta, akaanza kuomba kwa sauti. Muda gani tulipokezana, msiniulize. Mwisho mzee akavuta pumzi nyingine, na baada yake nyingine, zikafuatana. Akatapika. Tukamgeuza ubavu. Kigari cha kirikuu kilichobeba mpunga kikashushwa magunia, tukampeleka kituo cha afya, na kutoka pale gari la wagonjwa likatuleta Mpanda. Waliotupokea walifanya kazi yao vizuri, Mungu awabariki.

Hapo ndipo ushuhuda wa kawaida ungeishia. Tungeimba. Wangu ndipo unaanza.

Mzee alirudi na mbavu zinauma, na akili yenye matundu. Ya zamani anayo yote: nani alimwozesha nani, shamba la kule Mamba lilikuwa la nani. Lakini ya jana hayashiki. Anauliza kitu, anajibiwa, anaelewa kabisa, kesho anauliza tena kama mara ya kwanza. Na kitu alichokuwa anauliza ni hiki: "Kifua changu kina nini? Nani amenivunja?"

Siku ya kwanza wakamwambia ukweli. Ulipigwa na umeme, moyo ukasimama, mkwe wako akakubonyeza. Mzee akajifunika shuka usoni. Hakula siku ile. Kesho yake akaamka, akauliza. Wakamwambia. Akajifunika shuka. Mnanielewa, ndugu zangu? Mtu mwingine angeizoea aibu, ingechakaa, angeivaa kama nguo kuukuu. Yeye kila siku inamfikia mpya.

Shangazi akakaa na wazee wa nyumba, wakasema watu wa kwetu watoe mbuzi wa kusafisha. Nikawaka moto. Mbuzi wa nini? Mtu amefanya kosa gani? Nikasema maneno mengi siku ile, mengine ya kisomi, na hayakusaidia chochote. Kisimani wakaanza kuniita mkalia mkwe. Nikipita na ndoo nasikia kicheko nyuma yangu.

Halafu mume wangu akaja na pendekezo lake. Alikuwa amechoka, uso umemshuka. Akasema, "Tumwambie ni dada aliyembonyeza. Peke yake. Si alibonyeza kweli?"

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa nyumbani unapika."

"Yaani mimi nifutwe."

"Mzee atakula, mama. Hilo tu. Mzee atakula."

Sasa mnijuavyo. Nimebishana na maprofesa kuhusu ukweli. Nikaingia kwa mzee, nikakaa mlangoni nimepiga magoti kama inavyotakiwa, nikasema mwenyewe kwa sauti, bila kumtuma mtu: "Baba, ni mimi." Mzee akageukia ukutani. Shuka ikapanda. Siku mbili hakugusa chakula, na siku ya pili alikuwa hata hakumbuki kwa nini hataki kula. Hataki tu.

Nikarudi Mpanda peke yangu. Kazi ya utafiti nikaiacha. Nitamuulizaje mtu anaishije, wakati mimi nimemtengeneza mmoja na siwezi kumtazama? Nikawa silali. Mikono yangu inasikia ule ubavu hata nikishika kikombe. Mume wangu alipokuja tukagombana, akasema neno ambalo najua alilijutia: "Ulimrudisha mzee, lakini aliyerudi siyo baba." Nikamuuliza, "Ungetaka nimwache?"  Nilitaka aseme hapana haraka. Hakusema haraka. Akasema baadaye, lakini baadaye ni baadaye.

Ndipo nilipoanza kuja hapa, kwenye kikundi hiki. Nilikuja kwa hasira, kutafuta mtu wa kubishana naye. Mkanipa kiti. Siku moja nikasema hapa mbele yenu kwamba labda nisingembonyeza. Mama mmoja, yumo humu leo, akasimama. Akasema, "Wangu tulimbonyeza. Vizuri, na nesi alikuwepo. Hakurudi. Kila siku naulizwa na watu kanisani kama tuliomba vya kutosha. Wewe unalalamika umepewa." Akakaa. 

Sijui kama alinisaidia siku ile au aliniumiza. Nadhani vyote viwili. Lakini nilijua jambo moja sitalifanya tena mbele za watu: kusema wa kwangu alirudi kwa sababu nilistahili, au kwa sababu niliomba, au kwa sababu nilibonyeza vizuri kuliko mwingine. Nyie ambao wenu hawakurudi, nisikilizeni. Nimekwenda nyumba kwa nyumba nikiuliza. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na mtu asirudi. Wengi hawarudi. Siyo imani yenu iliyopungua. Anayewaambia vinginevyo, nileteeni, nitabishana naye mimi.

Mzee akaja Mpanda kliniki, akalala kwetu. Nyumba yenyewe vyumba viwili na sebule, mkwe na mkwe watakwepana wapi? Wifi yangu alikuja naye. Asubuhi mzee yuko sebuleni, shuka miguuni, mimi jikoni, pazia katikati. Nikasikia swali linakuja kama kawaida. "Kifua changu kina nini? Nani amenivunja?"

Nikasema moyoni, leo na mimi nitadanganya. Nimechoka. Nikasema kutoka jikoni, "Wifi, mwambie baba ni wewe ulimbonyeza."

 Wifi akasema, "Hapana, baba. Mimi nilipokea tu. Aliyeanza ni mkwe wako. Watu walikuwa wanamvuta kitenge, akakataa kutoka."

Nikasubiri kusikia shuka. Haikusikika. Halafu mzee: "Kitenge kikafunguka?"

"Kikafunguka, baba."

"Mbele za watu wa mashineni?"

"Wote."

 Halafu mzee, "Mwambie mkwe wangu pole."

Ndugu zangu, katika yote yale hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameniambia pole.  Na kwa kuwa mimi ndiye Bi Kwa Nini, sikuweza kuacha hapo. Lile swali nililolichukia likanitoka. Nikasema, "Wifi, muulize baba: anafurahi kwamba alirudishwa?"

Wifi akachungulia kwenye pazia, macho yamemtoka, lakini akauliza. Mzee akafikiri mpaka nikadhani amesahau swali. Akasema, "Leo, ndiyo. Kesho aniulize tena."

Kesho yake nikauliza. Alikuwa hakumbuki chochote. Tukaanza upya, umeme, mashine, kitenge, pole. Akasema mbavu zinamuuma, hapana, leo hafurahii. Sawa. Kesho yake tena akasema ndiyo, kwa sababu kulikuwa na samaki. Mpaka leo ndivyo tunavyoishi, akiwa kwetu na tukiwa kwao. Tunamwambia ukweli wote, wifi anasema, mimi niko nyuma ya pazia, na anajibu anavyojibu. Shuka bado inapanda siku nyingine. Mara chache zaidi.

Kuna siku nalala vizuri na kuna siku silali. Kazi nimeshaanza nyingine. Na mume wangu siku hizi naye huuliza swali lile kwa baba yake, akiwa amekaa chini karibu na miguu yake. Siku moja mzee akamjibu, "Wewe ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilikuwa Mpanda, baba." Mzee akasema, "Basi mshukuru mkeo." Tulikuwa sote tunasikia.

Mtaniuliza habari ya mbuzi. Mume wangu alimnunua mwenyewe akampeleka bila kuniambia. Nilikasirika, na bado nina hasira kidogo, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyenieleza nilisafishwa nini. Lakini shangazi alinisalimia siku ile, na kisimani jina likaisha. Sijui niseme nini kuhusu mbuzi yule. Nyama niliila.

Nawashukuru. Wifi yangu, kwa mikono yake na kwa kukataa kusema uongo wangu. Nesi wa mdoli. Dereva aliyeshusha mpunga wa watu barabarani bila kuuliza. Mume wangu, kwa kukaa. Nyie kikundi, kwa kiti. Na mama yangu yule aliyesimama siku ile: sikuwahi kukuambia pole inavyostahili. Pole sana, mama.

Na somo langu, maana mwenyekiti ananiangalia. Sisemi tutupe mila. Mimi bado naweka kikombe kwenye kigoda. Nasema hivi: mtu akianguka, hakuna muda wa kukaa kikao cha ukoo kuamua nani amguse. Kikao hicho kikae leo, mkiwa wazima. Mimi nilimpigia simu mama yangu nikamwomba aongee na mume wangu. Akamwambia, "Mkwe, siku nikianguka, niguse. Usiogope." Mume wangu alitoka jasho mpaka simu ikateleza, lakini amelisikia, na amelisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Humu ndani naona waliokuja na wakwe zao. Basi mgeukieni sasa hivi mumwambie: siku nikianguka, niguse. Msinitazame mimi, mtazameni yeye. Baba wa pale dirishani, mke wa mwanao aliyekuleta ameinamisha kichwa, hatakuangalia, na wewe unaona aibu. Mwambie hivyo hivyo akiwa ameinama.

Endeleeni. Mimi nasubiri.